Lame Ulizotutumia

Bunia, kartie Lumumba
Tarehe 14 Septemba 2003

Mpendwa mdogo wangu Nadège,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na shemeji Gaspard pamoja na watoto. Hamjambo huko Kampala? Lile goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukisimama sokoni? Sisi tunapumua, tumshukuru Mungu. Mke wangu Lydie alishikwa na malaria, lakini juzi ameanza tena kunigombeza, ndipo nikajua amepona.

Mji umetulia kidogo. Askari wa Umoja wa Mataifa wanapita na magari yao meupe, soko limefunguliwa, na mchana mtu anaweza kwenda kuchota maji bila kuaga kama asiyerudi. Usiku ni habari nyingine. Shangazi Régine alikimbia kutoka Marabo na sufuria moja na mbuzi. Mbuzi tulishamla, sufuria ipo. Shangazi analala chumba kile kilichokuwa chako.

Kazi ya useremala ipo, tena kuliko zamani, ila si ile uliyoiacha. Hakuna anayeagiza kabati la bibi harusi lenye maua ya kukatwa mlangoni. Watu wanaagiza misalaba. Na kwa kuwa rangi inafutwa na mvua, wanataka jina likatwe katika ubao, herufi kwa herufi, ligongomewe juu ya msalaba. Taabu yangu ya lame imeanzia hapo.

Ule msumeno wangu mdogo wenye fremu kama upinde, ulikuwa unaucheka ukisema ni wa kukatia keki. Lame yake, ule utepe wa meno unaokata, ni nyembamba sana na inataka heshima. Ikilegea inakatika, ukiikaza mno inakatika vilevile. Mimi huikaza mpaka nikiigusa kwa ukucha inalia ting, kama Baba alivyonifundisha. Lakini mbao nzuri haziji tena, barabara ya msituni haipitiki. Tunapasua milango ya nyumba zilizoungua, na ndani yake mna misumari, mara nyingine risasi. Lame inaingia vizuri, inaimba, halafu ta! Nimejaribu kujitengenezea kutoka ule utepe wa chuma unaofunga marobota ya mitumba, nikachonga meno kwa tupa. Zinakatika kabla hata jasho halijanitoka.

Ndiyo maana mwezi wa nne nilikuita kwa fonii, ile redio ya kuitana ya parokia. Unakumbuka makelele yake, na watu nyuma ya mgongo wako kila mmoja na shida zake. Nikapaza sauti: «Nadège, tutumie lame! Lame! Zile nyembamba!» Ukajibu umesikia. Mwezi uliofuata vita vikaingia mjini, na fonii ikabebwa na waporaji pamoja na betri yake.

Mwezi uliopita mama mmoja aliyetoka huko kwa ndege alileta bahasha yako. Akampa jirani, jirani akampa Mama. Mimi sikuwepo. Ndani hamkuwa na barua. Mlikuwa na lame, kweli, lakini za kunyolea.

Mdogo wangu, siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. Tangu utoto hukujua tofauti ya randa na pasi. Lakini niliporudi nyumbani Mama alikuwa ameshaketi chini.

Unajua ndugu yetu Baudouin hajasikika tangu alipokwenda Mongbwalu kuchimba dhahabu, na Mongbwalu imebadilisha mabwana sijui mara ngapi. Tulikuwa tunasema yuko porini, au amevuka ziwa, yuko kwenu Uganda. Mama alikuwa akitukataza kumtaja kwa sauti ya chini. Alisema sauti ya chini ni ya wafu. Sasa zinafika nyembe mpya kutoka kwako, bila neno, za kutosha vichwa vyote vya nyumba hii. Hujasahau matanga ya Baba. Shangazi Régine ndiye aliyegawa nyembe mpya, kila kichwa na wake, na hakuna aliyefungua kinywa mpaka nywele zote zikaanguka.

Mama akaniambia: «Nadège asha tuambia. Ile neno ilimushinda kinywa, akatuma wembe. Weye Léon, leta maji, unyoe kichwa yangu.»

Nilimweleza. Nilimwambia lame ni jina moja la vitu viwili, na Nadège amekosea. Nikamletea fremu yangu nikamwonyesha. Akaniuliza: «Kama alikosea, juu ya nini hakuandika?» Shangazi akaleta beseni. Nilimnyoa Mama kwa wembe wako, Nadège.

Sasa anataka msalaba. Hana maiti wala kaburi. Anataka walau jina lisimame karibu na Baba ndipo afunge matanga. Kila asubuhi anakuja karakana na kichwa chake kitupu, anakaa juu ya vumbi la mbao, ananitazama.

Na jina lenyewe, jamani, Baba alitupatia kazi! B ina matumbo mawili, A ina lake, D lake, na O ni tumbo tupu. Kwa kila tumbo natoboa tundu, nafungua lame, naipitisha, naikaza tena, nazunguka polepole. Angeitwa Lévi ningekuwa nimemaliza zamani. Lame zinakatikia humo humo, moja baada ya nyingine, na ubao huu hauna msumari, nimeupima kwa sumaku. Shangazi anasema ubao unakataa kwa sababu mtu yu hai. Mimi siamini hayo. Najua kwamba lame inakatika pale mkono unapoisukuma kwenye kona badala ya kuingoja. Ninaisukuma. Nina hasira, na nina hofu, na sijui nifanyeje.

Barua hii nampa Abdoul, yule mfanyabiashara wa vitenge, akukabidhi wewe mwenyewe na si mtu mwingine. Niambie ukweli. Ulikosea lame tu? Au umekutana huko na mtu wa Mongbwalu, akakuambia neno, nawe likakushinda kuandika?

Kama ulikosea, nunua lame za msumeno, mpe Abdoul, na uandike kwa mkono wako mistari miwili ambayo nitamsomea Mama. Nitakucheka mpaka uzeeni. Kama hukukosea, usijilazimishe kuandika. Usitume kitu. Abdoul akirudi mikono mitupu nitaelewa, na sitakulaumu.

Lydie anawasalimu sana. Shangazi Régine anasema mtoto wako wa mwisho afundishwe kusalimu kwa lugha ya nyumbani, asije akatuona wageni. Mama anakusalimu kwa upendo. Anasema wewe ni mtoto mwenye heshima, kwa namna ulivyotuletea habari. Hajui ninachokuuliza.

Mungu aliyewavusha ziwa awafunike nyote, na amfunike yule tusiyejua alipo.

Nimefika mpaka O. Zimebaki U, I na N, ambazo hazina tumbo. Ningezimaliza asubuhi moja. Lame nzima imebaki moja, nimeificha ndani ya kopo la misumari. Mama nimemwambia imekatika.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Léon