Chafu, Rudia

Arusha, kwenye shamba la maua
Jumapili, mchana

Mume wangu, Baba Edina,

Mwakeye. Nakusalimu kwa salamu ya nyumbani maana huku nimechoka kuambiwa "mambo" na watoto wa juzi. Kifua chako kinasemaje na baridi ya asubuhi? Mama mkwe magoti yamemwachia, au bado anapanda kile kilima cha Kitahana kwa kupumzika mara tatu? Ile mihogo mliyokuwa mmeianika nilipopiga simu, ilikauka au mvua iliwawahi? Mimi mwili wangu ni mzima. Presha walinipima Jumatano kwenye zahanati ya hapa shambani, wakasema imeshuka. Kwa hiyo soma barua hii mpaka mwisho bila kuniogopea. Najua miezi hii yote kazi yako imekuwa hiyo, kuniogopea.

Wamenihamisha kutoka kwenye kukata maua, sasa niko chumba cha kupanga. Kuna baridi mle ndani, navaa sweta mbili na soksi za mpira wa miguu. Kazi yenyewe ni kupima shina kwa rula, kuangalia ua, na kufunga. Ua likiwa na doa, hata dogo kama kichwa cha sisimizi, linatupwa kwenye pipa. Msimamizi ananisifu kwamba nina jicho kali. Nikamwambia hilo jicho nililipata kwa kusahihisha madaftari ya watoto wanne. Zuhura, yule dada wa Tanga ninayelala naye chumba kimoja, bado ananicheka kwa sababu ya ugali. Anasema sisi wa Kigoma tunaulilia muhogo kama mtu aliyefiwa. Hajambo, anakusalimu.

Basi. Nimezunguka vya kutosha. Wewe unanijua, nikiwa na jambo zito naanza kwanza kufagia uwanja.

Baba Edina, najua kwamba Butoyi hayupo.

Hakuna aliyeniambia. Usianze kumtafuta mtu wa kumgombeza, wala usimguse Kiza, nitakueleza. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenidanganya tena kwa ile sauti yako ya upole, na mimi ningekuamini tena. Nimekuamini mara nyingi mno. "Mama Edina, usihangaike, mtoto yuko kwa bibi yake Kitahana, anakunywa maziwa tu." Jumapili iliyofuata alikuwa ameenda kuchota maji. Nyingine alikuwa amelala, saa kumi jioni, Butoyi huyo huyo asiyelala mchana hata akipigwa na homa. Mimi nikawa nacheka, nasema mtoto huyu ana shughuli kuliko mbunge.

Unakumbuka tulivyoanza ile shule yetu ya nyumbani. Mtu akiniuliza huku kwa nini watoto wangu walisomea nyumbani, namwambia ni kwa sababu mama yao alikuwa akifundisha watoto wadogo wa wakimbizi kambini Mtendeli, kambi ikafungwa, akabaki na mdomo uliozoea kufundisha na hana darasa. Wanacheka, yanaisha. Sababu yenyewe ni siku ile Butoyi alipokuja kutoka shule na vidole vimevimba. Mashoto wangu. Walimfunga ule mkono kwa kamba ya katani ili ajifunze kuandika kwa wa kulia, kisha wakamchapa juu yake. Pacha wake Bukuru alikuwa amembebea mfuko, analia kuliko yeye. Butoyi hakulia. Alinionyesha tu mkono, akasema, "Mama, mkono huu ndio unaojua. Huo mwingine haujasoma."

Kesho yake uling'oa mlango wa stoo, tukaupaka mkaa na unga wa betri zilizokufa, ukawa ubao. Asubuhi kuchota maji na kumenya mihogo, jua likishapanda somo. Edina mwalimu msaidizi, anajifanya mkali kuliko mimi. Mapacha upande huu, Kiza akiwa bado anakula chaki. Hesabu tulifanya kwa maharage, na adhabu ya aliyekosa ilikuwa kuyachambua ya kupika. Tulikula maharage safi sana mwaka ule. Na mtendaji wa kijiji alipokuja kuuliza kwa nini watoto wanne hawaonekani shuleni, wewe ukajifanya unakwenda kuangalia mbuzi, ukaniachia kesi. Butoyi akalichukua lile tangazo la mbolea alilokuwa amelishika mtendaji, akamsomea mwanzo mpaka mwisho, akamwonyesha na mahali waliporudia mstari. Yule baba akavua kofia. "Eh, mama! Basi fundisha. Ila mtihani waje kuufanya pamoja na wenzao." Ukatokea kwenye mbuzi umejaa kifua kana kwamba ni wewe uliyefundisha.

Nilipoondoka kuja huku tulikubaliana shule isife. Kila mwezi kila mtoto aniandikie barua moja, ziwekwe kwenye bahasha moja, zije na basi. Nami nizisahihishe kwa kalamu nyekundu na kuzirudisha. Watu hapa wanapokea picha za watoto wao kwenye simu, mimi nasubiri karatasi nne. Mwandiko wa kila mmoja naujua kama ninavyojua kikohozi chake. Edina anaandika herufi za duara kama anasuka. Kiza anapanda mlima, mstari unaanzia chini unaishia juu. Mapacha wanafanana sana, Bukuru amesimama wima na Butoyi ameegemea nyuma. Tofauti yao kubwa ilikuwa uchafu. Butoyi mkono wake ulipita juu ya kila neno alilolimaliza, ukaburuza wino kwenda kulia, barua nzima ikawa na ukungu. Ubavu wa kiganja chake ulikuwa wa bluu siku zote, mpaka kanisani.

Barua yake ya mwisho, ya mwisho ya kweli, ilikuwa chafu kupita zote. Alinieleza habari za kuku aliyetaga kwenye kofia yako, lakini nusu sikuweza kuisoma. Siku hiyo nilikuwa nimechoka. Msimamizi alikuwa amenirudishia maua ndoo mbili. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika juu kabisa: "CHAFU. RUDIA." Basi. Sikuandika hata "mwanangu". Sikumwambia kwamba ile habari ya kuku ilinichekesha mpaka Zuhura akaamka. Nikaiweka kwenye bahasha pamoja na za wenzake, nikaituma.

Mwezi uliofuata ikaja barua ya Butoyi safi kama shuka la wageni. Herufi zimeegemea nyuma vizuri, mkia wa "g" umekatika kama anavyoukata yeye, na hakuna doa. Baba Edina, nilifurahi. Hilo ndilo linaloniua. Nilizunguka nayo chumba cha kupanga, nikawaonyesha wenzangu, nikasema, mwanangu wa mkono wa kushoto amerudia kama nilivyomwambia. Jumapili nikakupigia nikasema mpongeze Butoyi, sasa hachafui karatasi kabisa, amewezaje? Ukanyamaza. Nikadhani ni mtandao.

Kisha ikaja ya pili, na hii ilikuwa chafu. Niliifungua kitandani. Mistari mitatu ya kwanza safi, halafu doa. Nafasi, doa jingine. Yalikuwa matano. Hayakuburuzwa kwenda kulia. Yalikuwa ya mviringo, yamebonyezwa kwa dole gumba lililolowa mate, na katikati ya kila doa kuna mstari mweupe umekatiza. Nilimfunga dole lile mimi mwenyewe kwa kitambaa cha kanga yangu, siku kisu cha kumenyea mihogo kilipomteleza. Ni kovu la Bukuru.

Nilikaa na karatasi ile mpaka Zuhura akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Hata hivyo nilijidanganya. Nikasema labda Butoyi amevunjika mkono, Bukuru anamsaidia. Nikasema labda wanacheza. Jumapili iliyopita nikapiga, Kiza akapokea kwa sababu ulikuwa umetoka kumfunga mbuzi. Sikumtega, naapa. Nilimuuliza tu kama ninavyouliza siku zote, Butoyi yuko wapi nimsalimu? Nilisikia anavyopumua. Halafu akasema, polepole, kama anayesoma ubaoni, "Mama, tumeambiwa tusiseme." Nikamwambia sawa, mama, umefanya vizuri. Nikakata simu mwenyewe. Ulipopiga baadaye sikupokea, nikakuandikia kwamba chaji ilikuwa imekwisha. Uwongo wangu huo, nausamehe pamoja na wako.

Najua kwa nini mlificha. Kwetu mtu aliye mbali hapewi msiba kwa simu, anaambiwa mgonjwa amezidiwa, njoo. Na mimi hamkuweza kuniambia hata hivyo, kwa sababu mnakumbuka nilivyoanguka jikoni siku ya msiba wa mama yangu, nikalazwa juma zima. Ulisema moyoni, nimempoteza mtoto, nisimpoteze na mama. Ningekuwa wewe sijui ningefanya nini. Lakini nina hasira, Baba Edina. Nimekula, nimecheka, nimekwenda gulioni kuchagua kaptula mbili zinazofanana, na mwanangu yuko chini ya udongo. Wenzangu wote huko mmelia mkamaliza. Mimi naanza leo, peke yangu, katikati ya maua ya watu.

Na kuna jambo moja sitaki liendelee hata siku moja baada ya barua hii kufika. Bukuru asiandike tena kwa jina la ndugu yake. Sijui ni nani aliyemwambia, kama ni wewe au mama mkwe au ni yeye mwenyewe kwa kunionea huruma. Mtoto wa miaka kumi anakaa mbele ya karatasi mara mbili. Ya kwanza anakuwa yeye. Ya pili anaegemeza herufi nyuma, anakuwa aliyekufa, anamuuliza mama hali. Nani anamlilia yeye? Walitoka tumboni mwangu wamefuatana kama pumzi mbili. Mwite, mkae wawili tu, umwambie mama anajua na hana kinyongo. Zile barua mbili nimezirudisha ndani ya bahasha hii. Nimezisahihisha. Jina la Butoyi mwishoni nimelikata kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake "Bukuru", nikampa vema. Kwenye ile yenye madoa nimeandika kwamba mwandiko wake ni mzuri na hana haja ya kuuchafua.

Nimepewa ruhusa ya wiki tatu. Naondoka Ijumaa ijayo, barua hii itanitangulia kwa siku chache. Msije kunipokea kwa vilio stendi ya Kibondo. Njoo wewe na watoto tu. Tukifika utanieleza bila kuruka kitu: aliumwa nini, siku ngapi, nani alimshika kichwa, aliniita au hakuniita. Hata kama aliniita, niambie. Kisha utanipeleka alipolala.

Msalimie mama mkwe wangu, umwambie simlaumu, na magoti yake nimeyachukulia dawa ya kuchua. Msalimie mwenye duka pale mjini anayetupokelea bahasha. Sasa naelewa kwa nini mara ya mwisho nilipoongea naye alinitakia subira wakati mimi nilimuuliza bei ya sukari. Msalimie yule mtendaji, kama alikuja kuzika namshukuru. Edina umwambie nimeona alivyoniandikia mwezi huu, mistari minne tu, yeye mwenye maneno. Nilimwandikia "mbona fupi?" Anisamehe. Kiza umbebe mgongoni jioni, hata kama ni mkubwa, umwambie hakukosea.

La mwisho. Ile bahasha yenye maneno yangu mekundu, ilimkuta? Nimehesabu siku za basi mpaka nimechoka, sipati jibu. Namwomba Mungu isiwe ilimkuta. Naomba awe alikwenda akijua kwamba barua yake ya kuku iko kwa mama, na mama anacheka. Lakini kama ilimkuta, namjua, hakubisha. Alichukua daftari akaanza kurudia. Litafute hilo daftari, uangalie ukurasa wa mwisho. Hata kama ni mstari mmoja, hata kama hausomeki, usiruhusu mtu aupanguse wala aunakili vizuri. Niwekee hivyo hivyo, na uchafu wake wote.

Mkeo,
mama yao wote wanne: Edina, Bukuru, Butoyi na Kiza.