Sikio la Kulia la Ezbon Wani

KITUO CHA POLISI, BULUK, JUBA
MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Ajali ya lori iliyosababisha kifo, barabara ya Yei, 13 Februari 1975

Jina: Ketty Kiden Gune
Umri: Miaka 28
Kazi: Mpiga taipu, ofisi ya serikali ya Jimbo la Kusini
Makazi: Buluk, Juba
Uhusiano na marehemu: Dada yake, baba mmoja mama mmoja
Lugha: Kiswahili
Yameandikwa: Jumatano, 19 Februari 1975, kuanzia saa tatu na dakika ishirini asubuhi, na Sajini Cirillo Ladu

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Sajini Cirillo amenionya kwamba baadhi ya mambo ninayotaka kusema yanaweza kunirudia mwenyewe kazini. Nimemwelewa. Nimemwomba aandike hivyo hivyo.

Nazungumza Kiswahili kwa sababu niliishi Uganda miaka minane. Tulikimbia vita mwaka 1965, mimi, baba, mama yetu Santina na ndugu yangu mdogo Ezbon. Tulikaa kwanza kwenye kambi ya wakimbizi huko West Nile, baadaye Arua mjini. Baba alifia huko. Tulirudi Juba mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya amani. Kiarabu changu ni cha sokoni tu.

Marehemu Ezbon Wani Gune alikuwa na miaka kumi na tisa. Kule kambini, akiwa na miaka kumi, alipata surua, kisha sikio lake la kulia likawa linatoka usaha miezi mingi. Lilipokauka, halikusikia tena. La kushoto lilikuwa zima. Mtu wa nje hakuweza kujua, kwa sababu Ezbon alijizoesha kukaa mahali ambapo kila anayeongea naye atakuwa kushoto kwake. Hata kanisani alikuwa na nafasi yake, mwisho wa benchi, upande wa ukuta.

Lakini kuna jambo moja ambalo sisi wa nyumbani tulilijua. Ezbon hakujua sauti inatoka wapi. Ukimwita ukiwa jikoni, aligeuka kushoto. Ukimwita ukiwa nyuma yake, aligeuka kushoto. Ukimwita kutoka kulia, akikusikia, aligeuka kushoto pia. Tulikuwa tunamcheka na yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Naomba sehemu hii iandikwe vizuri, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Mnamo Novemba mwaka jana lilibandikwa tangazo kwamba vijana waliomaliza sekondari wanaweza kuomba nafasi kwenye chuo cha maofisa wa jeshi kule Omdurman. Ezbon alilisoma mchana, akaja moja kwa moja ofisini kwangu akihema. Alisema, "Dada, hawajakataa waliosoma Uganda. Nimesoma mara tatu."

Nilimuuliza kwa nini anataka jeshi, wakati sisi maisha yetu yote tumekimbia jeshi. Alinijibu, "Ndiyo sababu. Mtu mwenye bunduki akija kugonga mlango wa watu, nataka awe mtu aliyewahi kukimbia."

Nilimpigia taipu fomu yake siku hiyo hiyo baada ya saa za kazi. Katika fomu kulikuwa na swali kama mwombaji ana kasoro yoyote ya macho, masikio au viungo. Ezbon alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Mimi ndiye niliyeandika kwamba hana. Hakuniomba. Nasema hivyo ili isije ikaandikwa kwamba alidanganya peke yake.

Kuanzia hapo nyumbani kwetu hapakuwa na mazungumzo mengine. Watu walisema walioomba ni mia nne, na nafasi za vijana wa kusini hazizidi kumi na tano. Wengine walisema kumi na mbili. Ezbon alikuwa akirudi na habari mpya kila siku na kila habari ilimnyima chakula. Waliosoma Khartoum watapendelewa kwa Kiarabu chao. Waliotoka Uganda wanaaminiwa kidogo. Asiye na mjomba jeshini asijisumbue. Kila Jumapili tukitoka kanisani alichukua utepe wa kupimia nguo wa mama, akajipima kifua, akanipa mimi nisome, kwa sababu alisema macho yake yanamwongezea.

Jumapili moja mwezi wa kwanza alinifuata bombani nikichota maji. Alisema, "Dada, niambie ukweli. Kati ya kumi, nina nafasi ngapi?"

Nilimwambia sita.

Alinisaidia kubeba ndoo. Tulipofika karibu na nyumba aliuliza, "Na kama sikio lingekuwa zima?"

Nilimwambia tisa. Nilitaka kusema kitu kingine lakini ndivyo nilivyosema. Hakuniuliza tena.

Aliambiwa na kijana mmoja kwamba daktari wa kamati ya kuchagua vijana anasimama nyuma ya mtu, hatua tano, ananong'ona tarakimu za Kiarabu, na mtu anaambiwa azibe sikio moja kwa kiganja, kisha jingine. Tulifanya mazoezi uani, mimi nikiwa daktari. Akiziba la kulia, alisikia kila kitu. Akiziba la kushoto, hakusikia hata kimoja. Nikamfundisha kuweka kiganja bila kukibana, akiacha upenyo mdogo upande wa nyuma, na uso wake usibadilike. Wahid, tinen, talata, tulirudia mpaka mama alitoka nje akatuambia tuache, anaumwa kichwa. Mama alijua tunachofanya. Hakutukataza.

Jumanne tarehe 4 Februari alikwenda kupimwa. Alirudi saa saba mchana. Alisema daktari alikuwa mzee mpole, alimnong'onezea tarakimu nane na alizitaja zote nane. Mama alipiga vigelegele. Ezbon alicheka naye, halafu akakaa chini, mgongo ukutani, akaanza kulia. Nilimuuliza nini. Alisema, "Yule mzee aliniambia nina masikio mazuri, Mungu anilindie."

Yalibaki mambo mawili, mahojiano na mbio za maili tatu. Mbio zilipangwa leo, tarehe 19.

Mnamo Alhamisi tarehe 13 Februari, saa kumi na mbili kamili asubuhi, mimi na Ezbon tulikuwa kwenye barabara ya Yei, ng'ambo ya mtaa wa Custom ukitoka mjini. Kwenye kalavati hapo ndipo nilipokuwa nikisimama na saa yangu kila asubuhi. Ezbon alikuwa anakimbia maili moja na nusu kuelekea Yei, kisha anarudi kwangu. Kulikuwa kumepambazuka vizuri. Vumbi halikuwa jingi.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja nilimwona anarudi. Alikuwa anakimbia pembeni kabisa mwa barabara, upande wake wa kushoto, kwenye majani. Nilimwambia siku zote akimbie upande huo ili magari ya kutoka mjini yawe mbele ya macho yake. Nyuma yake likatokea lori kutoka Yei, limebeba magunia. Halikuwa na mwendo wa kasi. Lilikuwa kulia, upande unaotakiwa na sheria mpya. Nimesikia kwamba watu wawili wamesema dereva alikuwa kushoto kama wanavyoendesha Uganda. Si kweli. Lori lilikutwa kushoto kwa sababu alikata usukani akijaribu kumkwepa.

Kati ya Ezbon na njia ya lile lori palikuwa na nafasi ya kutosha. Kama angeendelea kukimbia tu, lingempita.

Dereva alipiga honi mara mbili, ndefu. Alifanya jambo la kawaida. Mimi nilikuwa mbele, kama hatua mia, nikamwona Ezbon usoni. Niliona amesikia. Niliona ameshtuka, na nilijua kabla hajasogea. Kwake sauti ile ilitoka kushoto, kwenye majani. Akaruka kulia kuikimbia. Nilipaza sauti abaki palepale, lakini honi ilikuwa bado inalia.

Nilipofika, dereva alikuwa ameshashuka, amevua shati lake na kumfunika. Ni mtu mzima, baadaye nilijua anaitwa Lokosang. Watu walianza kutoka kwenye nyumba za karibu, wengine wameshika mawe. Hakukimbia. Aliniomba nimshike miguu, tukampakia mbele, kichwa chake juu ya magoti yangu. Njia nzima hadi hospitali dereva alikuwa anasema "malesh, dada, malesh," yaani samahani, mpaka nikamwomba anyamaze. Ezbon hakusema neno. Alifariki saa moja kasoro dakika kumi, tukiwa bado kwenye korido. Polisi wakamchukua dereva hapo hapo.

Tulizika Ijumaa. Vijana wenzake walioomba chuo walikuja wote, wamevaa mashati meupe, wakalibeba jeneza kwa hatua moja kama wanajeshi. Walimwimbia. Mmoja alisema mbele ya watu kwamba Ezbon ndiye aliyekuwa na uhakika kuliko wote, na kwamba dereva mzembe amelinyima jimbo letu ofisa. Watu waliitikia. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mama na sikusema kitu.

Jumatatu tarehe 17, saa nne asubuhi, nilikuja hapa kituoni kuchukua nguo za marehemu na viatu vyake. Nikipita uani, dereva alikuwa nyuma ya mlango wa vyuma. Alinitambua akaniita. Nayarudia maneno yake kama alivyoyasema: "Dada, mimi naendesha gari miaka ishirini. Ule mtoto alikuwa kando. Mimi napiga honi, yeye nakuja kwangu. Kila siku najiuliza. Kwa nini yeye nakuja kwangu?"

Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nilichukua viatu nikaenda zangu.

Jioni ile nilimwambia mama kwamba nitakuja kusema habari za sikio. Mama alikuwa anachambua dengu. Alisema, "Wewe ulimfundisha kuficha. Ficha sasa."

Nilimwambia kuna mtu amefungiwa ndani.

Alisema, "Mtoto wangu amekwenda akiwa mzima mbele za watu. Wamembeba kama ofisa. Unataka waseme alikuwa kiziwi, alidanganya, aligongwa kwa ujinga wake? Yule dereva ana watoto nyumbani watakaomngoja, na atarudi siku moja. Mimi namngoja nani?"

Sikubishana naye. Kila neno alilosema lina haki yake. Tangu juzi hatujaongea, ila ameniwekea chakula.

Leo asubuhi, saa moja na nusu, nikija hapa, nilikuta barabara imezuiwa na askari kwa sababu ya zile mbio. Nilisimama na watu wengine kando, hapo mbio zilipoanzia na kumalizikia. Wenzake Ezbon walipita na namba vifuani. Wengine niliwajua, walikuwa kwenye maziko. Nilitazama saa wa kwanza alipopita, halafu nikaendelea kutazama kila mmoja, mpaka wa mwisho. Saba walikuwa na muda mbaya kuliko wake wa Jumatano iliyopita.

Sajini ameniuliza kama naamini marehemu angechaguliwa. Sijui. Nilimwambia sita kati ya kumi, na hata hiyo niliikisia kwa sababu nilimpenda.

Dereva Lokosang hakukosea. Alipiga honi kama anavyotakiwa, na ndugu yangu aliikimbia honi kuelekea alikodhani hakuna hatari. Mimi nilijua hali ya sikio lake, niliandika kwenye fomu kwamba hana kasoro, na nilimpeleka barabarani kila asubuhi. Hayo ndiyo ninayoyajua na ndiyo niliyokuja kuyasema.

(Sahihi) Ketty K. Gune

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA

Nimemsomea shahidi maelezo haya yote kwa Kiswahili. Ameyakubali. Amerekebisha mahali pamoja ambapo mimi niliandika kwamba marehemu alikuwa kiziwi. Ameomba iandikwe kwamba hakusikia kwa sikio la kulia. Nimerekebisha na tumetia sahihi pembeni.

Shahidi ameomba mshtakiwa asomewe maelezo haya. Nilimsomea dereva Lokosang saa tano na nusu, shahidi akiwepo. Mshtakiwa alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza aliomba nirudie sehemu inayohusu marehemu kutojua sauti inatoka wapi. Nilirudia mara mbili. Baada ya hapo alikaa chini, akafunika uso wake. Shahidi alikaa kando yake, upande wa pili wa vyuma, hadi saa sita na robo, ndipo akaaga.

Jalada linapelekwa kwa mkuu wa kituo pamoja na pendekezo langu kwamba mshtakiwa aachiwe.

(Sahihi) Sajini Cirillo Ladu
19/2/1975