Mukono wa Muzee Jafari

Angèle, uko? Nimejifungia mu bureau. Nimelia mpaka nimechoka.

Unamukumbuka muzee Jafari, ule askari wa zamani niliyeandika kwamba ni kiziwi kabisa? Ilikuwa mwezi moja mbele volkano ilipuke. Mimi njo nilisaini, mimi chef wa service ya masikio! Nikamupa appareil ya masikio ya nguvu kuliko zote.

Leo binti yake Asma ananiambia: "Mama, siku ya volkano papa njo alisikia majirani wanalia, akatutangulia sisi wote, na appareil alikuwa ameitoa juu ya kulala."

Kiziwi gani anasikia majirani??

Nikamuandikia muzee ku karatasi: mbona siku ya test ya masikio haukuinua mukono? Unajua tunawaambiaka, ukisikia sauti, inua mukono.

Akanijibu polepole: "Mama docteur, ku vita na waasi, maaskari wenzangu waliinua mikono kujitoa. Waasi wakawapiga masasi mikono ikiwa juu. Niliapa mukono wangu hautapanda tena. Lakini sauti za mashine yako nilizisikia."

ALIZISIKIA, Angèle.

Na appareil ya nguvu vile inaua sikio lenye linasikia. Miaka tatu anaivaa kila siku. Ilikuwa inamuumiza, hakulalamika. Alizani njo dawa inafanya kazi.

Nikarudilia test. Nikamuandikia: acha mukono ku meza, ukisikia gonga na kidole. Nikapandisha sauti polepole, mpaka nguvu ya mwisho ya mashine.

Kidole hakikutikisika.

Alikuwa ananitazama tu, anangoja nianze.