“Yetu” ya Bibi

Kaka Wilber,

Viazi tulivyoanika kwenye baridi vimekauka vizuri. Jumatatu nilimtafsiria Bibi kwa afisa wa ardhi. Bibi alisema malisho ni yetu: wazee wetu walichunga pale tangu enzi za Inka, Wahispania wakawapora, serikali ikawarudishia. Kwa Kikechua alitumia ile “yetu” inayomtoa unayesema naye: yetu sisi, si yako. Kihispania hakina, nikasema “yetu” tu.

Afisa akacheka. “Kweli, bibi, ni yetu sote.” Akaandika: mali ya taifa.

Niliona kosa, lakini niliona haya kumkatiza mtu aliyevaa tai. Bibi akaniuliza, “Amekubali, mjukuu wangu?”

Nikasema amekubali. Akaweka alama ya kidole gumba kwenye karatasi.

Sasa anawatambia majirani. Njoo umwambie wewe, mimi nimeshindwa.

Mdogo wako,
Nélida