Pozi Tatu za Mwewe

Kambi ya bakimbizi ya Dzaleka, Alhamisi

Nimetoka Lilongwe na picha mukononi, nikakuta banamuzika Mzee Lubunga.

Mbele ya safari aliniomba nimupige picha, atumie batoto yake benye vita ilibakisha kule Uvira. Mi nikamukatalia: "Mzee, ngoja kwanza fundi amalize koti yako." Lakini filimu haiendi kusafishwa kama haijaisha, na ilibakia pozi tatu, nafasi ya picha tatu tu. Sikumungojea. Nikazimalizia kwa mwewe mwenye alikuwa anazunguka juu ya soko, nikimufuata na kamera mpaka shingo ikaniuma.

Leo binti yake ameniuliza, "Kaka, hauna hata picha moja ya papa?"

Nikaficha picha chini ya shati kama mwizi. Bamemuzika na ile koti mupya.

Mwewe ametoka muzuri sana. Hata makucha inaonekana.