Mkaa wa Kwenye Pasi

Nakusalimu kwa Kiha chetu, mwakeye, mjukuu wangu Neema. Huku Kasulu tu wazima. Mama yako mdogo kajifungua salama kule Nyakitonto, na maharage yanatusubiri shambani.

Umeniuliza kama naamini kaboni inaweza kuchochea mmenyuko wa kemikali badala ya metali, maana wenzako chuoni wanakucheka. Ngoja nikwambie.

Nikiwa kidato cha tatu, alikuja mkaguzi kuamua kama sisi wasichana tuendelee na kemia au darasa lifungwe. Mwalimu wetu alitakiwa atoe oksijeni kwenye haidrojeni peroksaidi mbele yake. Kufungua chupa ya kichocheo, ule unga mweusi wa metali ya manganisi, tupu!

Mimi nilikuwa nimetoka kunyoosha sketi. Nikaikimbilia pasi ya mkaa, nikatoa mkaa uliozimika, nikauponda.

"Weka huu, mwalimu."

Akaweka. Hakuna kilichotokea. Mkaguzi akafunika kalamu yake. Ndipo vipovu vikaanza kupanda, polepole mno. Mwalimu akaingiza kijiti chenye cheche tu, kikalipuka moto: oksijeni hiyo!

"Dawa gani hiyo?" mkaguzi akauliza.

"Ya kwenye pasi," nikajibu. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Darasa halikufungwa. Wenzako waache wacheke. Jioni ile niliuchuja ule mkaa, nikauanika, na kesho yake nikaurudisha kwenye pasi. Ulikuwa umefanya kazi ya metali mbele ya mkaguzi, haukuliwa na mmenyuko, na bado uliwaka, ukaninyooshea sketi.

Bibi yako anayekuombea