Udongo wa Mama Mwanarusi

Taru, 4 Mei 2025

Shikamoo mama,

Sisi huku wazima, mkweo Jaafar kikohozi kimemwacha na anakusalimu sana. Goti lako je, bado lakusumbua ukisujudu?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako iko dukani kwa kaka Luqman, naye huifungulia spika, na habari hii sitaki isikizwe na wanunuzi wa sukari. Mama, nina mimba ya miezi minne. Nilinyamaza kwa sababu ya yule wa kwanza, aliyenitoka nikiwa na miezi saba. Kila asubuhi naamka nikiogopa, nashika tumbo kabla sijafungua macho.

Nimeshikwa na hamu ya udongo wako, hata chakula sikitaki. Wa huku ni mchanga mtupu. Kama waweza, mpe Mbuvi, dereva wa lori la mbuzi aliyekuletea barua hii.

Mwanao,
Zainabu

Msambweni, 9 Mei 2025

Marahaba mwanangu,

Goti lina kiburi chake lakini lainama, alhamdulillahi. Barua nimeisomea uani, nikalia, nikanawa uso, nikaenda sokoni kuuza kama kawaida. Hakuna aliyejua, na wewe usimwambie mtu mpaka tumbo lijiseme lenyewe.

Huo niliompa Mbuvi akuletee ni udongo mzuri kabisa. Nimeuchagua kwa mkono wangu, nikauoka na kuuvukiza ubani. Miaka kumi na tisa nauza udongo kwa wajawazito pale sokoni na hakuna aliyerudi kunilaumu. Ukiisha niambie, nitakuletea mwingine.

Vile vidonge vya damu wanavyogawa kliniki uviweke kando. Vyamfanya mtoto kuwa mkubwa, kisha mama apasuliwe. Nawe ulivyo mwembamba, utamtolea wapi? Kula udongo wako, pumzika, mwambie Jaafar akuchotee maji.

Mamako

Taru, 8 Juni 2025

Shikamoo mama,

Natumai barua hii yakukuta na afya. Mimi miguu yanivimba kidogo jioni, lakini nalala.

Nilikwenda kliniki. Nilikuwa nasikia kizunguzungu hata nikifagia. Muuguzi, sista Mercy, akanipima damu: saba nukta nane. Yatakiwa kumi na moja. Akanivuta kope akaangalia ndani, akanitazama vidole, vina vumbi jeupe kwenye kucha. Akaniuliza, "Wautoa wapi?" Nikamwambia ni wa mama. Hakunicheka, mama, wala hakukutukana. Amesema udongo huizuia ile dawa ya damu isiingie mwilini, na mwingine una mayai ya minyoo, nao minyoo wanywa damu. Hamu yenyewe, asema, mara nyingi huja kwa sababu damu imepungua. Basi mimi nilikuwa naila ile hamu nayo yazidi kunila.

Vidonge havimkuzi mtoto kupita kiasi. Mtoto sasa ajitengenezea damu yake, na madini ya chuma ayatoa kwangu. Nisipokuwa nayo, twakosa sote wawili. Nameza kimoja kila siku na maji ya ndimu, na chai nimeiweka mbali na saa ya dawa.

Kisha akaniwekea mashine tumboni nikasikia moyo wake. Wakimbia, mama. Nilimshika sista mkono nikasahau kuuachia.

Udongo uliobaki nimeumwaga nyuma ya zizi. Niliona uchungu, kwa sababu ni wewe uliyeuoka. Usinikasirikie.

Mwanao,
Zainabu

Taru, 6 Julai 2025

Shikamoo mama,

Mbuvi asema alikupa barua mkononi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukafunika meza yako ukaenda nyumbani. Tangu hapo kimya. Nikipiga simu, kaka Luqman asema unasali. Mama, sala gani hiyo ya wiki nne?

Damu imefika tisa nukta moja. Mtoto acheza, zaidi nikinywa kitu baridi. Sista asema sasa masikio yake yasikia sauti. Nami sina la kumsomea ila barua yako moja, nayo yasema niache vidonge.

Kama nimekukosea nitukane, lakini niandikie.

Mwanao,
Zainabu

Msambweni, 27 Julai 2025

Marahaba Zainabu,

Sikuwa nasali. Nilikuwa nimeketi tu.

Kwanza nilikasirika, sikufichi. Nilichukua pakiti yangu moja ya udongo nikaenda nayo hospitali, kliniki ya wajawazito, niwaonyeshe jinsi ilivyo safi. Kwenye benchi nikawakuta wateja wangu watatu. Wakafurahi kuniona, wakanisogelea nikae. Mmoja, Ummi, mke wa fundi cherehani, midomo yake ilikuwa haina rangi. Alikuwa akingojea kuongezwa damu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama pakiti ile ni yake.

Nikaifunga pakiti ndani ya leso. Nikamngoja muuguzi mpaka watu wakaisha, nikamwuliza, naye akanieleza kama alivyokueleza sista wako. Kisha nikamwuliza lililonipeleka hasa, ingawa nilikuwa sijui kwamba ndilo. Nikamwambia nilikuwa na mjukuu, alitutoka katika mwezi wa saba, na kila Ijumaa nilikuwa nampelekea mamake, alipokuwa bado akikaa huku Msambweni, udongo kikapu kizima. Nikamwuliza kama ni mimi.

Akasema hakuna awezaye kujua. Akasema mimba huharibika kwa mambo mengi na huenda si hilo. Huenda. Neno hilo nalala nalo na naamka nalo, na kila ukipiga simu naona wewe pia umeshafika nilipofika mimi.

Meza nimeiondoa. Wateja waja nyumbani, nawaambia waende kliniki. Wanaona nimerukwa na akili.

Najua mwezi wa saba ndio binti arudi kwao kuzaa. Wewe usije. Kazae kwa mama mkwe. Sina uso wa kukupokea.

Mamako

Taru, 2 Agosti 2025

Shikamoo mama,

Nimekaa na barua yako siku mbili. Nisiseme uongo: hilo unalolifikiria nami nimelifikiria, siku ile ile niliyoumwaga udongo. Nililia, nikakukasirikia, kisha nikakumbuka nani aliyekuwa akiomba. Kila Ijumaa nilikuwa nakungoja mlangoni. Ulikuwa hujui, nami nilikuwa sijui, na wale waliokuwa wakijua hakuna aliyetuuliza tunakula nini. Nimechoka kukukasirikia. Nataka kuzaa mtoto.

Sasa sikiza. Mama mkwe namheshimu, lakini siendi kwake. Damu ni kumi nukta nne. Sista Mercy ameniandikia barua ya hospitali ya Msambweni, kwa sababu ya yule wa kwanza ataka nizalie pale, penye daktari na damu ya akiba. Kutoka kwako ni mwendo mfupi hata kwa mguu. Nitahitaji mtu wa kwenda nami kliniki kila wiki mbili, tukae kwenye lile benchi. Nawe wale wateja wako wakija nyumbani, usiwafukuze kwa mdomo tu. Wachukue, uende nao.

Sista asema siku hizi mtoto aanza kufungua macho. Sijui aona nini humo ndani. Akitoka, mtu wa kwanza kumpokea kwa daktari sitaki awe mwingine ila wewe.

Jaafar atanileta Jumatatu. Usijibu kwa barua, wala usimwambie kaka aseme unasali. Fungua mlango tu, mama.

Mwanao,
Zainabu